Msimpe Babu Kiti

Nasoma ualimu, mwaka wa tatu, na masomo yangu ya kufundishia ni Biolojia na Michezo. Najua mnavyotucheka. "Kwa hiyo wewe unasomea kukimbia?" Nimeulizwa hivyo kantini, nimeulizwa na ninayelala naye chumba kimoja, na juzi kaniuliza dada mmoja wa famasia tukiwa kwenye foleni ya chipsi. Siku hiyo sikumjibu. Hii makala ndiyo jibu lake, ingawa nimechelewa na chipsi zenyewe zilishaisha.

Babu yangu mzaa mama ni mstaafu wa reli, yuko Tabora. Ujana wake wote aliumalizia kwenye njia, kubeba mataruma na kukaza misumari juani. Miguu ile ilikuwa miguu kweli kweli. Pia alivuta sigara zaidi ya miaka thelathini, na hilo ni muhimu huko mbele, kwa hiyo likumbukeni.

Mwaka juzi alianza kusimama. Akitoka nyumbani kwenda msikitini, akifika nguzo ya tatu ya umeme anasimama, anatulia kidogo, anaendelea, nguzo tatu tena anasimama. Na alikuwa hodari wa kuficha. Mara anasoma bango la mgombea wa uchaguzi uliopita. Mara anampa mtu salamu ndefu, anauliza mpaka habari za mbuzi. Siku moja nilimkuta ameinama anafunga kamba za viatu, na mguuni amevaa makubazi. Mtaani wakaanza kusema Mzee siku hizi amekuwa mtu wa watu.

Baadaye nilisoma kwamba Wajerumani wana jina la ugonjwa huu ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "ugonjwa wa madirisha ya maduka", kwa sababu mgonjwa akishikwa na maumivu barabarani husimama akijifanya anaangalia bidhaa. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mtaani kwa Babu hakuna duka lenye kioo. Yeye alikuwa na bango na makubazi.

Ugonjwa wenyewe ni wa mishipa ya ateri inayopeleka damu miguuni. Mafuta na makovu hujijenga ndani ya kuta za mishipa mpaka njia inakuwa nyembamba. Ukiwa umekaa, damu inayopita inatosha. Ukianza kutembea, msuli wa kigimbi unadai oksijeni mara nyingi zaidi, njia haina uwezo huo, na kigimbi kinaanza kubana kama kimeshikwa na koleo. Ukisimama dakika chache yanaisha. Ukitembea yanarudi, karibu palepale. Madaktari huyaita maumivu hayo klaudikesheni, kutoka neno la Kilatini la kuchechemea. Wanaoongoza kwa kuyapata ni wavutaji wa sigara, wenye kisukari, wenye presha, na wenye umri mkubwa. Na wala msidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2015 watu zaidi ya milioni 230 duniani walikuwa nao, na karibu robo tatu yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani kwetu.

Babu alipelekwa zahanati. Akaambiwa ni uzee, apumzike.

Hapo ndipo ninapotaka kugombana na watu, nikianza na familia yangu. Neno "pumzika" kwetu ni neno la upendo. Mtoto akiwa na adabu anamwambia mzee pumzika. Mama mdogo akanunua kiti kizuri cha plastiki chenye mikono, kikawekwa barazani. Mjomba akapatana na kijana wa bodaboda awe anampeleka msikitini na kumrudisha. Na mimi, mtaalamu mzima wa Michezo mtarajiwa, nikawa nampigia simu kumgombeza: "Babu, shikamoo, nasikia jana umetembea tena mpaka sokoni?" Alikuwa ananyamaza tu, kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Baada ya miezi kadhaa ya kukalishwa, nguzo tatu zikawa mbili. Halafu moja na nusu.

Sasa ngojeni niwaeleze kilichokuwa kinatokea ndani ya ule mguu, maana ndiyo sehemu niliyokuwa siijui na ndiyo inayonikera zaidi. Sisi wote tulifikiri tatizo ni bomba lililoziba, basi. Bomba likiziba, unapunguza matumizi ya maji. Kila mtu anaelewa. Lakini msuli una maisha yake. Kwa watu wenye ugonjwa huu, msuli wa kigimbi wenyewe unaharibika. Unapungua unene, mafuta yanaingia katikati ya nyuzi zake, na mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati tulivyochora kidato cha tatu kama maharage, vinafanya kazi vibaya. Mafuta yanayotakiwa kuchomwa kupata nishati yanabaki nusu njia, na mabaki yake yanajazana ndani ya msuli. Ndiyo maana watu wawili wenye mishipa iliyoziba kwa kiasi kinacholingana wanaweza kutofautiana sana kwa umbali wanaoweza kutembea. Ukimkalisha mtu wa hivyo kwenye kiti, unaongeza uvivu wa msuli juu ya ukosefu wa damu. Tulikuwa tunamdhoofisha Babu kwa mapenzi mema kabisa.

Aliyetuokoa ni daktari mmoja wa Dar, Babu alipoletwa huku kwa mambo mengine. Alimlaza, akampima presha ya mkono, halafu akampima presha ya kifundo cha mguu kwa kifaa kidogo kinachosikiliza mkondo wa damu. Akagawanya ile ya mguu kwa ile ya mkono. Kwa mtu mzima mwenye afya jibu huwa moja au zaidi kidogo. Likiwa 0.90 au chini, ateri za mguu zina tatizo. La Babu lilikuwa chini ya hapo, tena chini sana. Hesabu ya darasa la sita, na ilikuwa haijafanywa mwaka mzima.

Akamkagua nyayo na vidole kwa makini, akauliza kuhusu maumivu ya usiku na ya kifua, akaandika dawa za kolesteroli na za kuzuia damu kuganda, akamwambia sigara mwisho leo. Halafu akasema kitu ambacho mama mdogo hajakisamehe mpaka sasa. "Mzee, utembee mpaka paume. Pakiuma sana, simama. Pakiacha, tembea tena. Nusu saa, mara tatu kwa wiki. Baada ya miezi mitatu tuonane."

Nje ya mlango mama mdogo akalipuka: "Daktari gani anaagiza maumivu?"

Swali lake lilikuwa halali, nami ndilo lililonipeleka maktaba. Kumbe jambo lenyewe ni la kale. Daktari wa Kijerumani, Wilhelm Erb, aliandika kuhusu faida ya mazoezi kwa wagonjwa hawa mwaka 1898. Mwaka 1966 Wadenmaki wawili, Larsen na Lassen, walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba kutembea kila siku kunarefusha umbali wa mgonjwa. Yaani wakati babu zetu wengine wanajifunza maana ya uhuru, jibu lilishachapishwa.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, uliopewa jina la CLEVER. Wagonjwa 111 waliokuwa wameziba juu kabisa, pale mshipa mkuu unapogawanyika kwenda miguuni, waligawanywa makundi: wengine dawa na ushauri tu, wengine wakawekewa stenti, kile kibomba cha waya kinachotanua mshipa, wengine mazoezi ya kutembea chini ya msimamizi. Baada ya miezi sita wakapimwa kwenye mashine ya kutembelea. Wa dawa tu waliongeza dakika 1.2 juu ya walichoweza mwanzo, wa stenti 3.7, wa mazoezi 5.8. Soma tena. Watu ambao bomba lao halikuguswa waliwapita ambao bomba lao lilitanuliwa. Niwe mkweli, walipoulizwa wanajionaje maishani, wa stenti walijisifia zaidi. Lakini kwa miguu yenyewe, mshindi anajulikana.

Na hili la maumivu nalo limepimwa. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti mwingine ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Northwestern, wagonjwa 305, mwaka mzima, wakitembea nyumbani kwao. Kundi moja liliambiwa litembee mwendo unaoleta maumivu, jingine mwendo wa raha usio na maumivu, la tatu halikupewa zoezi. Wa kwanza waliongeza karibu mita 35 katika umbali wa dakika sita. Wa mwendo wa raha hawakuwashinda hata wale waliokaa bila zoezi. Nilimsomea mama mdogo kwa simu. Akasema, "Hao watu wa utafiti wana wazazi kweli?"

Kwa nini kuumia kunasaidia? Mguu ukikosa oksijeni kwa muda mfupi, msuli unatuma ishara. Ishara hizo zinaitisha kapilari mpya, mishipa midogo kuliko unywele, zichipue kati ya nyuzi. Mitokondria zinaboreka, yale mabaki ya mafuta yanapungua, msuli unajifunza kutumia oksijeni ileile kwa safari ndefu zaidi. Hata mwendo unabadilika, mtu anatembea kwa gharama ndogo. Na hapa ndipo nilipopenda somo langu kuliko siku zote: ukirudia ile hesabu ya mguu kwa mkono baada ya miezi mitatu, mara nyingi jibu halijabadilika la maana. Bomba liko vilevile. Kilichobadilika ni msuli. Kuna hata wagonjwa waliofanyishwa mazoezi ya kuzungusha pedali kwa mikono, miguu imetulia, na bado umbali wao wa kutembea ukaongezeka, maana moyo na kuta za mishipa mwili mzima navyo vilikuwa vimepata mazoezi.

Sisi wa ualimu tulimkariri Vygotsky kwa ajili ya mtihani: mpe mwanafunzi kazi inayompita kidogo, uwe karibu naye. Sikujua kwamba kigimbi nacho ni mwanafunzi.

Likizo ndefu nikapewa kazi ya kumsindikiza. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu, mimi, Babu, na chupa ya maji. Siku ya kwanza nguzo moja na nusu, akasimama, jasho linamtoka puani. Nikahesabu dakika. Nne. Tukaenda tena. Nawaambia ukweli, kusoma kwamba maumivu ni tiba ni kitu kimoja. Kumtazama mtu aliyekubeba mgongoni akikunja uso, na wewe ndiye unayesema "Babu, bado kidogo", ni kitu kingine. Wiki ya pili nilishindwa. Alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili, nikamwambia basi tukae, leo inatosha, nimwite kijana wa bodaboda. Akanigeukia. "Wewe ndiye mwalimu au mimi? Daktari alisema pakiacha twende. Pameacha. Twende."

Tukaenda.

Wiki ya sita zilikuwa nguzo nne. Mwisho wa mwezi wa tatu alikuwa anafika nguzo ya tisa, na huko kusimama kwenyewe kulikuwa kwa kupenda kwake, pale kwa rafiki yake muuza kahawa. Msikitini anakwenda kwa miguu. Kijana wa bodaboda amepoteza mteja, na naona hapo tulimdhulumu kidogo. Kiti cha plastiki bado kipo, mama mdogo anakalia yeye.

Sasa turudi chuoni, maana makala ya babu yangu peke yake ningemwandikia yeye barua.

Sisi tuna uwanja. Una njia ya kukimbilia inayozunguka, ni tambarare, hauna magari, una miti upande mmoja. Kwa mgonjwa kama Babu hilo ni wodi. Asubuhi wanautumia watu wachache wenye filimbi, jioni timu za vitivo, na saa nyingine zote lango lina kufuli. Nje ya ukuta kuna mtaa mzima wenye wazee wanaosimama kwenye nguzo wakisoma mabango. Ndani ya ukuta kuna walinzi, wafagiaji na hata wahadhiri wenye vigimbi vinavyobana, na wanaona haya kusema.

Nchi zilizokwisha kuelewa hili zimeliweka kwenye taratibu zao. Uingereza, mwongozo wao wa mwaka 2012 unataka mgonjwa wa klaudikesheni apewe mazoezi yenye msimamizi, saa mbili kwa wiki kwa miezi mitatu. Marekani, bima yao ya wazee ilikubali mwaka 2017 kulipia vipindi 36 katika wiki 12. Vipindi 36! Sisi hatuhitaji kulipia mashine. Tunahitaji njia, saa, kivuli, na mtu wa kumwambia mzee "bado kidogo". Huyo mtu ndiye mnayemcheka kantini.

Pendekezo langu kwa serikali ya wanafunzi ni hili. Alasiri tatu kwa wiki, lango lifunguliwe. Wenzetu wa kitivo cha tiba, chini ya mwalimu wao, wapime presha ya mkono na ya kifundo. Mwenye kidonda mguuni, mwenye maumivu hata akiwa amelala, mwenye kidole kilichoanza kubadilika rangi, au anayebanwa kifua, asitembezwe hata hatua moja. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo, maana mguu wake au moyo wake uko hatarini. Wenye kisukari waangaliwe nyayo kila mara, kwa sababu wengi wao mguu unakufa bila kuuma. Wanaobaki, sisi wa Michezo tutawasindikiza, tukiandika kwenye daftari umbali na dakika. Na mabenchi yawekwe kila baada ya mita hamsini. Ndiyo, viti. Kiti cha kukaa dakika nne halafu ukanyanyuka ni sehemu ya dawa. Ninachokipinga ni kile cha barazani.

Rafiki yangu mmoja wa uchumi aliposoma rasimu hii akasema nitaipa serikali kisingizio: kwa nini wanunue vifaa vya upasuaji wa mishipa kama wazee wanaweza kuzunguka uwanja? Ni hoja nzito na siipuuzi. Mguu ulioanza kufa hauponywi kwa kutembea. Unahitaji mtaalamu wa mishipa, haraka, kabla msumeno haujaitwa. Lakini wagonjwa wengi wa klaudikesheni hawajafika huko, na nikimwacha mzee wa nguzo tatu akae mpaka afikie hatua ya upasuaji ndipo serikali ione haya, nitakuwa namtumia yeye kama bango langu mimi.

Kuna jambo moja la kuungama. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana, mwalimu mkuu aliniomba kipindi changu cha Michezo cha kidato cha nne kiende kwa Hisabati, maana mtihani unakaribia. Nilikubali bila hata kubisha. Nilitaka tathmini nzuri. Wiki nane, watoto wale walikaa kwenye madawati kuanzia saa moja na nusu mpaka saa tisa, na mimi nilikaa ofisini kwa walimu nikisahihisha. Kwa hiyo sizungumzi kutoka mlimani. Tunawafundisha watu kukaa wakiwa na miaka kumi na sita, halafu tunashangaa wakiwa na sitini.

Barua yenye pendekezo hili nilimpelekea waziri wetu wa michezo mwezi wa nne. Alinipokea vizuri, akasema wazo ni zuri, ataliwasilisha. Nilipofuatilia mara ya pili akaniambia wako bize na bonanza la vitivo. Sawa, nimesubiri. Kama na wewe una mzee anayesimama sana njiani, nitafute, majina mawili mazito kuliko moja. Hata yule dada wa famasia anakaribishwa, dawa za kolesteroli tutamwachia yeye.

Babu anakuja mwezi wa saba kwenye harusi ya binamu yangu, atakaa Dar wiki mbili, na hataki kukatisha ratiba yake. Juzi kwenye simu kaniuliza kama huku chuoni kuna pa kutembea. Nimemwambia kuna uwanja mzuri sana. La kufuli sijamwambia.